Shina la Namba ya Lihanzi

Jaribio la kwanza tu, na namba ya mji ikapasuka vipande viwili.

Tupokigwe Mwasandube alikuwa amejiandaa kushindwa. Alikuwa amejaza chupa ya chai, amefunga mlango wa Ofisi ya Rejesta kwa ndani na kubandika nje karatasi isemayo "Nahesabu, msigonge", akaketi mbele ya kikokotozi akijua atahangaika mpaka adhuhuri, kisha aende kumwambia mdogo wake Anyisile kwamba amejaribu na imeshindikana. Hakuna ambaye angemlaumu. Kuipasua namba ya mji lilikuwa jambo lisilowezekana, na wazee wa Lihanzi, ambao hawakupenda kubahatisha, walikuwa wamelikataza hata hivyo, kwa sheria na kwa kiapo. Sasa kikombe cha kwanza cha chai hakijapoa, na kwenye kioo zilikaa namba mbili ambazo hakuna mtu aliyetakiwa kuziona isipokuwa Mlinzi wa Lango.

Alizizidisha tena, akiomba awe amekosea. Zao likawa lile lile: tarakimu mia tatu, zile zile zilizochorwa kwa chokaa kwenye ukuta wa bwawa, kila moja kubwa kama mbuzi, ambazo watoto wa Lihanzi huimba ishirini za mwanzo wanaporuka kamba.

"Mungu wangu," alisema, akazima kioo kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Kuijua namba ya mji hakukuwa kosa. Ndiyo maana iliandikwa ukutani. Siri ilikuwa zile mbili zilizoizaa, zote namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Lango la bwawa lilifunguka kwa hizo mbili tu. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, kutoka kwenye zao mpaka kwenye vigawo vyake, mashine zote za nchi zingehesabu mpaka jua lizimike. Hivyo ndivyo Tupokigwe alivyowafundisha makarani kwa miaka kumi na moja, tena kwa madaha, akitembea mbele ya darasa na kipande cha chaki sikioni.

Kwa sababu hiyo, lango lilipofunguka Jumanne alfajiri, maji yakashuka mashamba ya chini na kuwachukua watu wawili, hakuna aliyeuliza ni nani. Mwenye namba zile alikuwa mtu mmoja tu, Mlinzi wa Lango, na Mlinzi alikuwa Lusekelo, mume wa Anyisile. Leo Ijumaa, saa kumi jioni, angefutwa.

Lihanzi haikuwa na jela wala kitanzi, na watu wake walijivunia hilo mbele ya wageni. Bomba la maji, mlango wa nyumba, duka la dawa, vyote vilimtambua mtu kwa kiganja chake, na nyuma ya kila kiganja palikuwa na namba katika rejesta. Aliyefutwa, namba yake huchomwa, na iliyochomwa hairudi. Hakuna anayemgusa wala kumtukana. Kumpa maji ya bomba lako ndiyo marufuku. Wengi huondoka wakaenda kuanza maisha kwingine, wakichoka kunywa maji ya mvua. Ila Lusekelo alikuwa na kisukari, na duka la dawa, hapa au kwingine, halitoi insulini kwa kiganja lisichokijua.

Swali lililomkaa Tupokigwe kooni tangu Jumanne lilikuwa dogo: vipi kama zile namba mbili zimekaribiana mno? Alikuwa amelijaribu kwanza pembeni mwa karatasi kwa namba ya kitoto, 6557. Tafuta kipeuo chake cha pili: themanini na nukta kadhaa. Panda mpaka namba kamili inayofuata, themanini na moja. Izidishe kwa yenyewe, unapata 6561. Ondoa 6557, zinabaki nne, na nne ni mbili mara mbili. Basi umemaliza. Themanini na moja ukitoa mbili ni sabini na tisa. Ukijumlisha mbili ni themanini na tatu. Sabini na tisa mara themanini na tatu ni 6557, na huhitaji kungoja jua lizimike.

Kisha akaifanyia namba ya mji vivyo hivyo. Masalio yalitoka 15,876, ambayo ni mia moja ishirini na sita mara mia moja ishirini na sita. Namba mbili za tarakimu mia moja na hamsini, majitu mawili, na tofauti yao ilikuwa tarakimu tatu za mkiani tu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu alijua ni nani aliyezikaribisha. Ni yeye.

Zamani kila nyumba ilichagua namba yake. Lihanzi ina nyumba mbili, ya Juu inayokaa karibu na bwawa na ya Chini inayolima bondeni, na zilikuwa zimetwangana miaka mingi kwa ajili ya maji kabla ya kukubaliana kwamba kila moja itoe namba tasa moja, zizidishwe, na zao liwe kufuli. Mwaka ule wa kubadilisha kufuli, namba ya Nyumba ya Juu ikatokea kuwa kubwa. Wakaimba. Wakasema hata hesabu inajua nani yuko juu. Mkuu wa Nyumba ya Chini, Bibi Subilaga, mwalimu mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu waliokuwa wakimcheka, akakataa kutia saini, na kufikia adhuhuri mapanga yalikuwa yameanza kunolewa. Ndipo Tupokigwe, karani wa miaka ishirini na sita mwenye sauti nyembamba, alipoinua mkono. Akasema, turushe kete pamoja. Tupate namba moja isiyo ya mtu, tuiite shina. Nyumba ya Chini ichukue namba tasa ya kwanza iliyo chini ya shina, Nyumba ya Juu ichukue ya kwanza iliyo juu yake, halafu namba zote mbili akabidhiwe Mlinzi wa Lango peke yake na karatasi ya shina ichomwe. Nani atakuwa amemzidi mwenzake? Kidogo tu, wakasema wazee, na wakacheka. Walimbeba begani. Miji mingine ikasikia, ikamwita, naye akazunguka na daftari lake kusimamia kete katika miji yote arobaini na miwili ya nyanda za juu.

Ilikuwa heshima tupu. Hakuna mwizi ambaye angeweza kubuni udhaifu mzuri kuliko ule.

Akawasha kioo tena na kuingiza namba ya Ukwama, mji ulio bonde la pili, wenye bwawa kubwa kuliko yote na watu elfu thelathini chini yake. Jaribio la kwanza tu. Alifuta haraka kabla ya kuzisoma tarakimu zote, kisha akachoma karatasi ya 6557 juu ya sinki na kumwaga majivu. Akisimama barazani na kueleza alivyofanya, Lusekelo angetoka akiwa huru kabla chai haijachacha. Na kabla ya jua kutua kila mwenye kikokotozi na kinyongo angekuwa na funguo za mabwawa arobaini na mawili. Mmoja tayari alikuwa na za Lihanzi, yule aliyefungua Jumanne. Pengine alikuwa karani wa zamani, pengine mwanafunzi aliyechoshwa na masomo, na pengine hakujua bado kwamba hila yake inafaa nje ya Lihanzi.

Akinyamaza, shemeji yake angekufa polepole ndani ya wiki mbili.

*

Walikuwa wamemweka Lusekelo katika stoo ya viti nyuma ya ukumbi wa baraza, na mlango uliachwa wazi kwa sababu askari aliyemlinda alikuwa rafiki yake na aliona haya kuufunga.

"Shemeji," Lusekelo alisema alipomwona, "umekuja kuniona au kunihesabu?"

"Viti vyote hivi na umekaa sakafuni?"

"Nimevihesabu. Sitini na kimoja. Tasa." Alicheka peke yake. Midomo yake ilikuwa mikavu, na mkono mmoja haukutoka kwenye mfuko wa shati alimoweka sindano yake ya mwisho. "Anyisile anakula?"

"Anakula." Hakuwa anakula. Tupokigwe alikaa kwenye kiti, akainuka, akakaa sakafuni. Askari alikuwa hatua nne, akijifanya anasoma tangazo ukutani. "Lusekelo, nikuulize kitu cha kazi. Mihuri ya malango yote ikitakiwa kubadilishwa, miji yote kwa pamoja, inachukua muda gani?"

Alimtazama kwa mshangao, ila kazi ni kazi, na mtu aliyezoea kuulizwa hujibu. "Siku tisa. Muhuri ni kioo chenye namba ya kufuli, unachongwa kwa mkono, na mafundi wa kuchonga ni wale wale sita. Tisa kama hawalali."

"Na katika hizo siku tisa?"

"Malango yanabaki na mihuri ya zamani. Ungetaka yabaki na nini?"

"Nani anaamuru?"

"Baraza lolote, lakini kwa sababu moja tu. Shina likiibwa. Mtu aliyekuwa chumbani siku ya kete akionekana ameondoka na shina, basi kila mji aliousimamia unabadilisha. Hata kuuliza zaidi hawaulizi, maana mwizi anayeeleza anafundisha wengine. Imo kwenye kiapo, wewe ndiye uliyetuapisha." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeacha kutania, "Shemeji, mimi sikulifungua lile lango. Nililala. Nasema kila siku, na wewe hujawahi kuniambia kama unaniamini."

Tupokigwe alitaka kumwambia yote pale pale. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Alimwona askari akigeuza kichwa kidogo, naye ana watoto wanne wenye vikokotozi, na mdomo wake hauna kifuniko.

"Nakuamini," alisema. "Sindano hiyo usiichome sasa. Ngoja mpaka saa kumi na robo."

"Saa kumi na robo nitakuwa nimefutwa."

"Wewe ngoja tu, baba. Mara moja katika maisha yako usibishane na mimi."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nyumba ya Juu ilikaa kulia, ya Chini kushoto, na katikati ikaachwa njia pana kiasi cha kupitisha jeneza, kwa desturi. Mwenyekiti Ambonisye, mtu mpole mwenye kikohozi, alikuwa ameanza kusoma hukumu aliposikia viatu vya Tupokigwe vikija katikati ya njia ile.

"Karani Mkuu, nafasi yako ni mezani."

"Mwenyekiti, naomba sanduku la shahidi."

Sanduku lilikuwa mezani siku zote, dogo, la shaba. Uliingiza namba, nalo likawaka kijani kama ni kigawo cha namba ya mji, au likakaa kimya. Hakuna aliyewahi kuliona likiwaka nje ya siku ya kete. Tupokigwe aliinamia vitufe akavifunika kwa mwili wake, akaingiza tarakimu mia moja na hamsini kutoka kwenye karatasi iliyolowa jasho, huku watu wakianza kunong'ona, kisha kukohoa, kisha kuuliza kwa sauti kulikoni. Alikosea ya tisini na nne, akafuta, akarudia. Likawaka kijani. Akaingiza ya pili. Likawaka tena. Akaitia karatasi mdomoni, akatafuna, akameza.

"Lusekelo hakunipa," alisema. "Hajawahi kuniambia hata tarakimu moja. Kosa ni langu, na lilianza siku ile ya kete."

Mwenyekiti alivua miwani. "Ulikuwa chumbani siku hiyo."

"Nilikuwa."

"Na katika miji mingine?"

"Yote arobaini na miwili. Daftari nililishika mimi."

"Basi uliondoka na shina." Hakuwa anauliza. Alisema kama mtu anayejibu, na sauti yake ilijaa huzuni, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliombeba begani. Tupokigwe hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alikuwa amepanga toka stoo kwamba hatadanganya, akagundua sasa kwamba kunyamaza ni rahisi kuliko alivyofikiri, na jambo hilo lilimtisha.

"Uliwafungulia wenzangu maji?" Ilikuwa sauti ya Bibi Subilaga. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, mdogo, mnyoofu, na kitambaa cheusi kichwani. Mmoja wa wale wawili waliochukuliwa Jumanne alikuwa mzee Asajile, mdogo wake wa tumbo moja. "Nakuuliza wewe, niliyekufundisha jedwali la vipeo darasa la tano. Ni wewe?"

"Mwalimu," Tupokigwe alisema, na hapo machozi yakamshinda, "lango limefunguka kwa kosa langu. Niwie radhi."

Kelele zilizofuata hazikuwa za kuelezeka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kikohozi kikamzidi. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa kuwa sheria ilikuwa imeandikwa na watu waliotaka mambo yaende haraka: Lusekelo aachiwe, mihuri ya miji yote ibadilishwe kuanzia saa ile, Karani Mkuu afutwe mahali pake. Anyisile aliita kwa yowe jina la dada yake mara moja tu, akazuiwa mlangoni.

"Una neno la mwisho," Mwenyekiti alisema. Ilikuwa haki ya anayefutwa: sentensi moja, iandikwe, na kama haimdhuru mtu, itekelezwe. Wengi huomba mbwa wao atunzwe.

Tupokigwe alikuwa ameichagua sentensi yake tangu mchana, na kila alipoirudia kichwani aliiona inafichua mno, kisha inafichua kidogo mno. Akaisema. "Nyumba mbili zisirushe kete pamoja tena, kila nyumba iwe na chumba chake, kete zake na shina lake."

Watu walizomea. Kulia na kushoto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, walizomea kwa sauti moja. Mwizi, na bado anataka kututenganisha! Mtu alirusha kiatu. Yeye alikuwa akimtazama Bibi Subilaga. Bibi hakuzomea. Alikuwa ameketi, ameinamisha kichwa, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinaandika kitu juu ya kiganja cha mkono wa pili, polepole, kinafuta, kinaandika tena.

Saa kumi na dakika tano walimwekea kiganja chake juu ya kioo cha rejesta, kile alichokipangusa mwenyewe kila asubuhi, na kioo kikazimika. Hakusikia maumivu. Alisikia tu baridi, na njaa, kwa vile hakuwa amekula tangu chai.

*

Mlango wa nyumba yake haukufunguka. Alijua hautafunguka, ila aliuwekea mkono mara tatu, wa kulia, wa kushoto, na tena wa kulia.

Jua lilikuwa bado juu ya ukuta wa bwawa, likimulika zile tarakimu nyeupe. Siku tisa. Aliketi juu ya jiwe karibu na bomba la mtaa, akajikuta anasikiliza. Kila gari lililopita bondeni alidhani ni maji. Kama yule mwenye hila angeamka kesho na wazo la Ukwama, yeye Tupokigwe angekuwa amewaua watu elfu thelathini kwa kufunga mdomo, na hakungekuwa na mtu wa kumwambia kwamba hakuwa na njia nyingine. Alikuwa nayo njia nyingine. Upande wa pili wa mtaa alimwona Anyisile akipita na Lusekelo, aliyeshikwa kiwiko na yule askari, mfuko wa duka la dawa mkononi. Walisimama. Lusekelo alifungua kinywa, na askari rafiki yake akamvuta taratibu waendelee, kwa kuwa kuongea naye karibu na bomba kungeonekana vibaya siku ya kwanza.

Bibi Subilaga alikuja peke yake na jagi la plastiki la bluu. Hakumsalimia. Aliweka kiganja juu ya bomba, likamtambua, likatoa maji. Watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, wakatazama, wakaona ni mkuu wa Nyumba ya Chini anachota maji, wakaendelea.

"Nimejaribu kwa namba ndogo," Bibi alisema, macho kwenye jagi. "Nimechukua kumi na tisa na ishirini na tatu, nikazizidisha, halafu nikajifanya sizijui. Nikapanda mpaka kipeo kinachofuata."

Tupokigwe hakuthubutu kuinua uso. "Umejaribu mara ngapi, Mwalimu?"

"Mara moja."

Jagi lilijaa, likamwagika kidogo juu ya vidole vyake vikavu. "Mimi ndiye niliyekataa kutia saini," alisema. "Kwa sababu yao ilikuwa kubwa. Asajile aliniambia siku ile, dada, namba ni namba tu, tia saini twende tukale."

Tupokigwe alilia kimya. Bibi alimwacha alie.

"Nyumba yangu itarusha kete zake peke yake," alisema baadaye. "Chumba chenye ukuta mnene. Nimeshaagiza. Siku ya kumi, mihuri ikishakaa, nitasimama mimi barazani na kuwaeleza kwa chaki."

"Namba yangu haitarudi."

"Najua hairudi. Nimeipigia kura mwenyewe sheria hiyo." Alifunga bomba. Kisha akaliweka jagi juu ya jiwe, karibu na goti la Tupokigwe, akajifunga upya kitambaa chake cheusi, akaanza kuondoka mikono mitupu.

"Mwalimu," Tupokigwe aliita, "jagi lako."

Bibi Subilaga hakugeuka. "Nimelisahau," alisema. "Uzee, mwanangu. Na kesho saa kama hii nitasahau lingine."